Abiria wa Maganda ya Kahawa

Watu watatu walikuja Maruku kutoka Nshamba kuniambia kwamba mtoto wangu si wangu, na mama yangu akawakaribisha kwa kahawa ya kutafuna. Alitoa kile kikapu kidogo cha wageni, akakipitisha kwa mikono miwili, nao wakachukua punje mbilimbili, wakatafuna taratibu kama watu waliokuja kutoa pole. Ningekuwa mimi mwenye nyumba, wangetafuna kokoto.

Aliyeongea ni bibi wa mtoto, mama mzazi wa mwanaume aliyenizalisha. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na hadi leo anaongea kana kwamba nyuma yake kuna ubao. Mwanawe yuko Mwanza na mwanamke mwingine. Hakuja. Hata simu hakupiga. Alituma ukoo.

"Mtoto ni wa ukoo," alisema. "Hilo halina mjadala, waitu. Sasa hivi ananyonya, akae na mama yake. Akiacha kunyonya, aje Nshamba kwenye kibanja cha migomba cha babu yake. Hapa mama yake ana nini cha kumpa? Kidato cha nne na hasira?"

Wale wanaume wawili aliokuja nao wakacheka. Mama yangu akaangalia mkeka. Kwetu mgeni anaheshimiwa mpaka inakera.

"Nina kazi," nikasema.

"Kazi gani?"

"Ya boti."

Ilikuwa nusu ya ukweli. Muleba kuna mama mmoja mwenye boti ya abiria na mizigo inayokwenda visiwani, na miezi miwili nilikuwa nimemwandikia orodha za abiria ufukweni. Boti yake haifiki mpaka mchangani, maji ni mafupi, kwa hiyo abiria hubebwa mgongoni na vijana kutoka nchi kavu hadi botini. Wanawake wanaopeleka ndizi Goziba walikuwa wamechoka kushikwashikwa na vijana hao. Wakamwambia mwenye boti aajiri mwanamke, la sivyo wanahamia boti nyingine. Akaniambia nafasi ni yangu, lakini lazima niwe na cheti cha mafunzo ya awali ya ubaharia, maana wakaguzi siku hizi hawaelewani na mtu asiye na karatasi.

"Karatasi iko wapi?" bibi akauliza. Mwalimu ni mwalimu tu.

"Naenda kuichukua Bukoba. Wiki mbili."

"Basi baada ya wiki mbili, Jumapili, tutakuja kuisoma. Ukiwa nayo, tutazungumza. Usipokuwa nayo, siku mtoto akiacha kunyonya gari litakuwa hapo nje."

Mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Wakati tunamgawana alikuwa chini ya meza anakula udongo.

*

Mafunzo yalifanyika ufukweni, nje kidogo ya mji, kwenye jengo la zamani lenye ukumbi mmoja na stoo moja. Tulikuwa kumi na tisa na mwanamke nilikuwa peke yangu, hivyo wanaume walilala ukumbini na mimi nikapewa stoo, pamoja na kamba, mitungi ya kuzimia moto na rundo la majaketi okozi yanayonuka samaki. Watu wa huku huyaita maboya. Huyakalia safarini ili wasilowe makalio.

Mkufunzi alikuwa mstaafu wa jeshi la majini, mtu wa Tanga, mwembamba kama mpini. Tulimwita Afande. Siku ya kwanza alitupanga mstari mchangani saa kumi na mbili asubuhi, radi zikiwa bado zinanguruma upande wa kisiwa cha Musira, akauliza, "Kuna asiyejua kuogelea?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Na mimi sikunyoosha. Akatuingiza majini mpaka kifuani, akasema tuinue miguu. Nikazama kama jiwe la kusagia.

Alinitoa kwa kunishika ukosi.

"Wewe mama, nilipouliza ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo, Afande."

"Mbona hukunyoosha mkono?"

"Ungenirudisha nyumbani."

"Na ukinifia hapa nitakurudisha wapi?"

Nilikuwa natapika maji ya Ziwa Victoria kwenye viatu vyake. Tangu siku hiyo aliniita kila mara wa kwanza. Kukitakiwa mtu wa kuingia majini kabla jua halijapasha, mimi. Mtu wa kuonyesha jinsi ya kufunga fundo, mimi. Nikafunga lile tunalofungia mbuzi kwenye mgomba, akalivuta mara moja likaachia, akasema, "Mbuzi wenu ni waaminifu sana."

Jamani, nilimchukia. Niliwachukia wote. Niliuchukia uji wao, filimbi yao, na jinsi kila kitu kilivyotakiwa kifanywe kwa kusimama na kusubiri. Sijui kusubiri. Darasani goti langu lilikuwa likitikisa benchi mpaka maandishi ya jirani yanapinda. "Una siafu miguuni?" Afande akauliza. Wakati wa mapumziko wengine walilala kwenye nyasi, mimi nilitembea kutoka ukutani mpaka majini, kutoka majini mpaka ukutani, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kilichonitembeza zaidi ni maziwa. Hakuna aliyenionya kwamba mwili haujui kuwa mtoto yuko Maruku. Kila baada ya saa nne hivi kifua kilikuwa kinajaa, kinakuwa kigumu kama embe bichi, na nililazimika kwenda nyuma ya choo kukamua kwenye majani. Nilikamua nikitukana. Sikuweza kuacha yakauke. Yakikauka, mtoto ataacha kunyonya, na mtoto akiacha kunyonya kabla sijapata karatasi, gari litakuwa nje. Kwa hiyo nilikamua asubuhi, nikakamua mchana, nikakamua jioni, nikiyamwaga chini na huku mwanangu yupo mwendo wa pikipiki tu kutoka hapo. Ruhusa ya kutoka ilikuwa Jumapili peke yake.

Siku ya tatu nilichelewa kukamua, fulana ikalowa mbele ya watu wote tukiwa kwenye mstari. Kijana mmoja mvuvi wa Goziba, mdomo kama redio, akasema kwa sauti, "Mama, boti yako inavuja."

Kicheko kilichotoka hapo kilifika mjini. Nilikuwa na ndoo mkononi. Nilimtupia, ikampata begani.

Afande hakucheka wala hakugomba. Alimwambia yule kijana, "Kuanzia leo mkufunzi wake wa kuelea ni wewe. Asipoelea, na wewe huna cheti." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe utamsomea madaftari. Yeye hajui kusoma. Mnadhani sijui?"

Yule kijana aliacha kucheka. Nilimwona anaangalia vidole vya miguu yake, nikafurahi. Ndivyo nilivyokuwa. Sitajipamba hapa.

*

Kuelea, aliniambia yule wa Goziba, si kazi. Kazi ni kuzama.

"Lala chali. Legeza shingo. Legeza mikono. Legeza hasira."

"Hasira haikuhusu."

"Inanihusu, inakuvuta chini, halafu na mimi nakosa cheti. Bojo, nakuomba, mama, legea kidogo tu. Jifanye umekufa."

Tulifanya hivyo jioni tatu mfululizo, yeye ameweka kiganja chini ya mgongo wangu kama anashika sinia la mayai. Akitoa kiganja, nazama. Akirudisha, naibuka nikimlaumu. Sijawahi kulegea tangu nizaliwe. Kwetu mwanamke aliyelegea anaitwa mvivu.

Jioni ya nne niliingia majini kifua kikiwa kimejaa na kinachoma, sikuwa nimepata nafasi ya kwenda nyuma ya choo. Maji yalikuwa baridi. Nililala chali, na ule uzito ukaondoka. Sijui niueleze vipi. Kitu kilichokuwa kinanivuta mabega siku nzima kilibebwa na mwingine. Maumivu yakapoa. Niliangalia wingu moja limekaa juu ya miamba, nikasahau kuwa naelea. Niliposhtuka, yule kijana alikuwa amesimama mbali, mikono kichwani, anapiga kelele, "Afande! Mama Ndoo anaelea! Njoo uone, anaelea!"

Nikazama palepale. Lakini nilikuwa nimeshajua njia.

Jumapili ya katikati nilikwenda Maruku. Mwanangu alinikimbilia kwa miguu ile isiyonyooka, akaninyonya mpaka akaniuma. Nilishukuru kuumwa. Mama yangu alikuwa ameanza kumpa ndizi za kupondwa na maziwa ya ng'ombe.

"Anakula vizuri," alisema. "Usiku halii tena."

"Halii?"

"Halii. Iwe, wewe unataka alie?"

Ndiyo, nilitaka alie. Nilitaka alie mpaka Nshamba wasikie. Sikusema. Nilimfunga mgongoni kwa kitenge nikazunguka naye kibanjani mchana mzima, chini ya migomba, bila sababu, nikihisi shavu lake kwenye uti wangu na mikono yake imekamata blauzi yangu. Ilipofika saa kumi nilimfungua nikamkabidhi. Mama akasema, "Ukiacha hayo mambo ya maji na kurudi kulima, nani atakucheka?" Nikamwambia, "Ukoo mzima," nikapanda pikipiki.

*

Sasa niwaeleze kuhusu Abiria.

Abiria alikuwa ovaroli ya bluu iliyojazwa maganda ya kahawa na mchanga, uzito wa mtu mzima. Kichwa chake kilikuwa dumu la lita tano, na mahali pa mdomo Afande alikuwa ametoboa tundu. Mtihani wa mwisho wa majini ulikuwa huu: Abiria anatupwa mbali, unamfuata ukiwa na jaketi lako, unamleta mchangani. Ukifika, Afande anainamisha lile dumu. Yakimwagika maji, Abiria kanywa maji. Amekufa, umefeli. Ukifeli unarudia mara moja. Ukifeli tena unakwenda kwenu.

Jumatano ya wiki ya pili niliitwa wa kwanza, kama kawaida. Nilimfuata Abiria kwa hasira zote nilizonazo, na nikamfikia haraka kuliko nilivyotegemea. Maganda yalikuwa yamelowa, anazidi kuwa mzito. Nikafikiri nimshike wapi. Kweli sikufikiri, mikono yangu iliamua yenyewe. Nilimgeuzia mgongo, nikavuta mikono yake miwili mabegani kwangu, nikaishika kwa mbele chini ya kidevu changu, nikamleta hivyo, mgongoni. Ndivyo tunavyobeba watoto. Ndivyo abiria wanavyobebwa kwenye ufuko wetu tangu nikiwa mdogo. Nilitoka majini nimeinama na Abiria wangu mgongoni, nikamshusha taratibu kabisa, nikamlaza, hata mguu uliopinda nikaunyoosha.

Afande alikuja. Akainamisha dumu.

Maji yalitoka mpaka nikaona aibu. Yalitoka kama bomba lililosahauliwa wazi.

"Umemleta vizuri sana," alisema. "Hata ndugu zake watakushukuru. Umewaletea maiti kwa heshima zote."

Hakuna aliyecheka. Nadhani ingekuwa afadhali wangecheka. Baada yangu walifeli kwa namna hiyohiyo vijana watano, wote wa pwani ya Muleba, wote wabebaji. Na wao walimweka mgongoni. Afande alikaa chini kwenye mchanga akashika kichwa. "Nyie watu wa huku," alisema, "nani aliwafundisha kuzika watu majini?"

"Ijumaa," akaniambia nilipopita mbele yake. "Mara ya mwisho."

Alhamisi wakati wa chakula sikula. Nilitembea ukutani mpaka majini, majini mpaka ukutani. Nilipiga hesabu ya siku: Ijumaa mtihani, Jumamosi nyumbani, Jumapili wageni. Nilijiona nimesimama mlangoni mikono mitupu, na bibi anatafuna kahawa yetu.

Yule wa Goziba alinifuata na madaftari yake kwapani. Nilikuwa nimemfundisha kutambua maneno kama thelathini hivi: moto, nanga, hatari, kushoto, kulia.

"Twende majini," alisema. "Leo abiria ni mimi."

"Niache."

"Mama Ndoo. Twende."

Tukaingia. Akajilaza akawa kama amezimia, na mimi mikono ikaenda palepale, mabegani. Akajinasua.

"Sikiliza. Mgongoni ni kwa mtu anayeweza kukushika. Mtoto wako anakushika, au umemfunga. Mama wa ndizi anakushika shingo, hata anakukaba. Huyu hashiki. Kichwa chake kinaangukia mbele, pua kwenye maji, na wewe huoni kwa sababu yuko nyuma yako. Unaogelea tu, unafikiri unaokoa."

"Umejuaje yote haya, mpaka Jumatano ukamleta vizuri mara ya kwanza?"

Akateka maji kwa kiganja, akajimwagia usoni.

"Nilimbeba kaka yangu," alisema. "Goziba. Boti ilipinduka karibu tu na kambi yetu ya uvuvi, hata moshi wa jikoni tulikuwa tunauona. Nilimweka mgongoni nikaogelea. Alikuwa anapumua nilipomchukua, nilisikia pumzi hapa." Akagusa nyuma ya sikio lake. "Baadaye sikusikia, nikafikiri amelala."

Mimi ni mtu wa maneno mengi, lakini yote niliyokuwa nayo yalikuwa makali.

"Haya," akasema, akajilaza tena chali. "Nimezimia. Kidevu, mama. Shika kidevu. Uso wangu uangalie mbinguni, na wewe uuone uso wangu muda wote."

Tulirudia mpaka vidole vikakunjamana.

*

Ijumaa mvua ilitangulia kabla ya filimbi. Ziwa lilikuwa limechafuka, mawimbi mafupi yanayokuja kwa haraka, na niliomba moyoni Afande aahirishe. Akasema, "Boti huwa zinazama siku za jua?"

Abiria alitupwa. Alikuwa bado hajakauka tangu Jumatano, alikwenda chini mpaka kichwa tu kikabaki juu. Nilimfikia nimechoka. Mikono ikataka mabega. Nikaiambia hapana, kwa sauti, nadhani waliokuwa mchangani walisikia. Nikalala chali, nikamvuta juu ya kifua changu, kiganja chini ya lile dumu, tundu la mdomo likiangalia mvua. Nikaanza kupiga miguu.

Hivyo huoni unakokwenda. Hilo lilinisumbua kuliko mawimbi. Mimi ni mtu wa kuangalia mbele. Nilimwona Abiria tu, dumu la njano lenye tundu, na kila wimbi lilipokuja nilimwinua nikameza mimi. Maziwa yalikuwa yanatoka, niliyahisi, ya moto katika maji ya baridi, kati yangu na ile ovaroli. Sikumfikiria mwanangu. Watu wakinisimulia habari zao husema walimfikiria mtoto. Mimi nilifikiria kidevu. Kidevu, kidevu, kidevu, mpaka kisogo changu kikagonga mchanga.

Afande aliinamisha dumu. Akalitikisa. Yakatoka matone matatu, tuliyahesabu wote.

"Hayo ni machozi," alisema. "Mwandikeni. Kapita."

Yule wa Goziba alipita maswali ya kuandika kwa alama chache sana. Kwenye swali la moto aliandika "moto" mara nne, kila sehemu. Aliniambia, "Si ndiyo jibu?" Tuliagana stendi, yeye anakwenda kutafuta boti, na mpaka leo tukikutana Goziba ananiita Mama Ndoo mbele ya watu.

*

Jumamosi mchana nilifika Maruku, karatasi nimeiweka ndani ya nailoni mbili. Mwanangu alikuwa mlangoni. Aliniangalia, akageuka akamshika mama yangu mguu. Nikakaa chini, nikamvuta, nikampa. Alinusa. Nafikiri nilinuka ziwa. Akaweka mdomo, akautoa, akasema neno lake la kukataa, akaenda zake kutafuta ndizi.

Nilimpa tena jioni. Akakataa. Asubuhi ya Jumapili, kabla ya kanisa, nilimpa tena na kumshikilia, akanipiga kofi.

"Kaacha," mama yangu alisema.

"Hajaacha."

"Mwanangu. Kaacha."

Saa nane walifika, watu walewale watatu. Mkeka uleule, kikapu kilekile. Bibi alikuwa ameshavaa miwani, kama mtu aliyekuja kusahihisha.

"Bado ananyonya?" lilikuwa swali lake la kwanza.

Mama yangu alifungua mdomo. Nilijua atasema nini. Mama yangu, ambaye hajawahi kumdanganya mgeni, alikuwa anakwenda kudanganya kwa ajili yangu. Nami nilikumbuka ule mstari mchangani, mkono wangu ulivyobaki chini, na maji yaliyofuata.

"Ameacha," nikasema. "Jana."

Wale wanaume wakatazamana. Nje kweli kulikuwa na gari.

"Kwa hiyo siku yenyewe imefika," bibi akasema.

"Imefika. Na hii hapa karatasi."

Aliisoma. Aliisoma mara mbili, kidole kikipita chini ya maneno. Akaigeuza nyuma, nyuma hakuna kitu, akairudisha mbele.

"Hapa kuna jina lako na la baba yako. La mwanangu silioni."

"La mwanao halikuogelea, mama."

Mmoja wa wale wanaume alipaliwa na kahawa. Mama yangu akafunika uso kwa kanga. Bibi akavua miwani, akaifuta, na mimi nilikuwa nimesimama, siwezi kukaa, nikihesabu hatua kutoka pale nilipo mpaka kwa mtoto na kutoka kwa mtoto mpaka mlango wa nyuma.

"Boti inaondoka lini?" akauliza.

"Jumanne alfajiri. Inarudi Alhamisi."

"Na huyu anabaki na nani?"

"Na mimi," mama yangu akasema.

"Wewe na kibanja chote hiki, na mgongo huo?" Bibi akaikunja karatasi kwenye mkunjo wake uleule, akanipa. "Nitakuja Jumatatu jioni."

"Kumchukua?" nikauliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Kukaa naye. Boti ikirudi, narudi kwangu."

Yule aliyepaliwa akapata sauti. "Na boti isiporudi, waitu?"

"Isiporudi," bibi akasema, "hapo ndipo tutazungumza habari za ukoo."

Nilitaka kumjibu. Nililitafuta kosa katika maneno yale nimshike nalo, sikulipata, na hilo likaniudhi zaidi. Akanyoosha mkono kwenye kikapu, akachukua punje mbili za kahawa. Moja akaweka mdomoni. Nyingine akaniwekea mimi kiganjani. Niliishikilia mpaka walipoondoka, na walipoondoka niliitafuna kwa sababu ilikuwa imeshaanza kuacha rangi mkononi.

Jumatatu alikuja kweli, na mfuko na kandambili zake. Sikumwamini. Nilimwonyesha nguo za mtoto, nikazihesabu mbele yake, makusudi, ajue ikihamia Nshamba hata moja nitajua.

Jumanne, tukiwa katikati ya maji, abiria wote walikuwa wamekaa na mimi nimesimama. Mama mmoja wa ndizi alikuwa amekalia jaketi lake.

"Mama, livae."

"Mwanangu, makalio yatalowa."

"Yalowe. Vaa. Nimeshawahi kuua mtu kwa kumbeba vizuri, sitaki tena."

Akanitazama kwa hofu, akavaa. Na wenzake wakavaa.

Alhamisi nilirudi nikakuta kandambili za bibi mlangoni. Gari halikuwepo. Alikuwa uani anaanika kahawa na mama yangu, na mwanangu yuko mgongoni kwake, amelala, amefungwa kwa kitenge changu. Nilikwenda nyuma yake bila salamu, nikaanza kufungua fundo. Hakugeuka.

"Boti imerudi," alisema.

"Imerudi."

Akasubiri nimalize kumtoa mtoto, akanyoosha mgongo, akaenda kuchukua mfuko wake. Maziwa yalikauka wiki ya tatu. Kila Jumatatu anakuja, na kila Alhamisi navihesabu tena vile vinguo.